Barua ya wazi kwa wakubwa wa kilimo: mistari ya soya yetu inapimwa na ng'ombe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, wakurugenzi wa halmashauri zetu, na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kituo cha Ukiriguru.

Waheshimiwa, salaam na heshima nyingi.

Najua barua nyingi zinazowafikia kutoka huku zinahusu bei, barabara na pembejeo zilizochelewa. Mimi naandika kuhusu sentimita: zile za kati ya mstari mmoja wa soya na mwingine, na zile za kati ya mche na mche. Mkiona ni jambo dogo la kumsumbulia Waziri, naomba mnivumilie. Huu ni msimu wangu wa nne wa soya hapa Misungwi, na kila kikundi chetu kikikaa kuhesabu tulichopata na tulichokosa, mazungumzo yanarudi palepale kwenye kamba ya kupimia mistari.

Kipeperushi tulichogawiwa kinasema pandeni sentimita 45 kwa 10. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba kipeperushi kizima, mbele na nyuma, hakimtaji ng'ombe.

Usukumani shamba linalimwa na maksai. Anayeamua mistari ikae wapi si bwana shamba wala mimi mwenye shamba, ni nira. Nira ya kupalilia inakatwa kwa kufuata mistari: ng'ombe mmoja apite njia ya huku, mwenzake njia ya kule, jembe la palizi lipite katikati. Ng'ombe ni mpana. Mpe sentimita 75 apite salama, mpe 90 apite akitafuna mdomo. Mpe 45, atatembea juu ya soya yako kama anakwenda mnadani. Ndiyo maana msimu wa kwanza soya yangu ilipandwa kama pamba. Mzee jirani yangu, mwenye maksai na plau, nilimwamkia asubuhi, nikamwonyesha kipeperushi. Akakishika mbali kidogo na macho, akakisoma taratibu, akanirudishia. "Mama, soya inaweza kusogea," akasema. "Ng'ombe hasogei."

Tukapanda 90.

Ilipofika wiki ya sita soya ikaanza kutoa maua. Siku moja saa sita mchana nikasimama katikati ya shamba, nikaona jua limelala chini, kati ya mstari na mstari, kama kanga zilizoanikwa. Udongo umepauka na kupasuka, na penye ufa limeota gugu. Mimea yenyewe ilikuwa mizuri, imechanua matawi, ukitazama mche mmoja mmoja unafurahi. Ila lile jua la katikati nililigharamia mimi: ardhi nimelimisha, mbolea nimeweka, mvua imenyesha hapo, halafu mwanga unaangukia udongo mtupu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, na leo nayajua mambo mawili ambayo kipeperushi kimeyafunga pamoja kama kuni. Idadi ya mimea shambani ni jambo moja, na upana wa mistari ni jambo jingine. Chukueni kalamu. Ukipanda 45 kwa 10, kila mche una eneo la sentimita za mraba 450, na hekta inabeba mimea kama 222,000. Ukipanda 75 kwa 6, kila mche una eneo lilelile la 450. Mimea ni ileile, mbegu ni ileile, gharama ya mbegu ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye 45 mimea imesambaa, kila mmoja una nafasi pande zote, na kwenye 75 imebanana kwenye mstari kama abiria wa daladala ya jioni huku nusu ya shamba haina mtu.

Soya ni mmea mwelewa kwenye idadi. Ukiipa nafasi inatoa matawi, na kila tawi linabeba maganda. Ukiibana inakwenda juu na matawi yanapungua. Ndiyo maana mkulima akipungukiwa miche kidogo, mavuno hayaporomoki kwa kiasi kilekile. Mche wa jirani unafidia. Na ndiyo maana pia kumwaga mbegu mara mbili hakukupi mavuno mara mbili. Ukipita kiwango, mimea inarefuka, shina linakuwa jembamba, mvua ya upepo kutoka ziwani ikija inalala yote, na ikilala unavuna matope. Halafu majani yakishonana mno yanakauka umande kwa kuchelewa, na ugonjwa wa kutu ya soya unapenda jani lenye maji. Sijasikia bwana shamba akitueleza hilo. Tunaambiwa tu "msipande karibu karibu". Karibu kiasi gani, na kwenye udongo upi?

Lakini kwenye upana wa mistari ufidiaji huo una mpaka. Mche unaweza kutoa tawi, hauwezi kutembea. Mbegu tunazopata nyingi ni za muda mfupi, siku 100 na ushee, na mmea wa muda mfupi hauna wakati wa kufunika sentimita 90. Kinachotakiwa ni majani ya mstari na mstari yakutane mapema, ikiwezekana maua yanapoanza, ili wakati wa kujaza maganda kusiwe na mwanga unaopotea. Yakishakutana, gugu linakosa jua na udongo unatunza unyevu. Ukichelewa kupanda, ndivyo mistari inavyotakiwa kusogea zaidi, kwa sababu mmea utakuwa mdogo. Na sisi huku, mnajua wenyewe, tunachelewa kupanda: maksai wanaanza shamba la mwenyewe, kisha pamba, kisha mahindi, na soya inakuja na zile siku zilizobaki.

Msidhani ni ushamba wa Usukumani. Marekani, wanakovuna soya kwa mameli, mistari ilikuwa mipana karibu mita nzima kwa miaka mingi kwa sababu farasi na nyumbu walitakiwa kupita katikati. Trekta zilipokuja, mistari ikabaki mipana kwa mazoea, kisha ikashuka hadi inchi 30, yaani sentimita 76, na leo wengi wako kwenye inchi 15, sentimita 38. Farasi alistaafu, lakini alama ya miguu yake iliendelea kupima mashamba. Sisi ng'ombe wetu hajastaafu, na sioni dalili kwamba atastaafu kabla yangu. Kwa hiyo ushauri unaomruka unaishia kwenye karatasi.

Msimu wa pili nilijaribu kitu. Mzee alipokuwa anakatua, mwanangu alifuata nyuma ya plau akidondosha mbegu. Desturi ni kudondosha kila mfuo wa tatu au wa nne. Nikamwambia adondoshe kila mfuo wa pili, kwenye nusu ya shamba tu. Plau ile inakata mfuo wa sentimita 22 hivi, kwa hiyo mistari ikaja 45 kasoro, bila kamba wala vigingi. Mzee akatikisa kichwa. Akasema nimejifungia mlango wa palizi, na alisema kweli: ng'ombe hakuingia tena pale. Tulipalilia kwa jembe la mkono, mimi, watoto na mawifi wawili, siku tatu mgongo umepinda. Lakini palizi ile ilikuwa moja. Nusu nyingine, yenye mistari mipana, ng'ombe waliingia mara mbili na bado gugu la tatu likaota, la chini ya maganda, lile linalokukata mikono wakati wa kuvuna. Mavuno niliyapima kwa debe, na debe la kijijini mnajua lilivyo na kichwa, kwa hiyo siwaletei kama ushahidi. Nawaletea hoja tu: nusu yenye mistari ya karibu ilijaza magunia zaidi, na maganda ya chini yalikaa juu kidogo ya ardhi, mundu ukapita bila kuacha maganda kwenye kisiki.

Msimu wa tatu nikaja na matuta, na hapa naomba watafiti wa Ukiriguru wanisikilize kwa makini, kwa sababu matuta ya kufunga kwa ajili ya kushika maji ni elimu iliyotoka kwenu, tangu zama za wakoloni. Matuta yetu ya pamba yako sentimita 90. Juu ya tuta moja nikapanda mistari miwili ya soya, upana wa kiganja na nusu kati yao. Hesabu yake ni tamu: mistari miwili kwenye 90 ni sawa na mstari mmoja kwenye 45. Idadi ya mimea inarudi ileile ya kipeperushi. Na bonde la kati ya matuta linabaki wazi kwa ng'ombe kupita mmea ukiwa bado mdogo. Mzee safari hii hakutikisa kichwa. Alisema tu nira yake haihitaji kubadilishwa, na kwa mtu wa umri wake hiyo ni sifa kubwa.

Sasa sijui mnalionaje hilo, lakini kwangu ni swali la utafiti lenye thamani kuliko mengi ninayoyaona kwenye mabango. Mistari miwili juu ya tuta, ikilinganishwa na mstari wa bapa wa 45, na ule wa 75, kwenye udongo wa luseni na kwenye udongo mweusi wa mbuga, kwa mvua za vuli na kwa masika. Luseni ya mlimani ni mchanga, haina nguvu, soya inabaki fupi na haifuniki kamwe mistari mipana. Huko nahisi kusogeza mistari kunalipa zaidi. Mbuga nyeusi ikipata mvua nzuri soya inaota hadi kiunoni na kulala. Huko pengine mimea ipungue. Na upande mwingine, mimea iliyosongamana inakunywa maji haraka, na ule ukavu wetu wa Januari na Februari ukiikuta imeshamaliza unyevu, iliyopandwa kwa nafasi inaweza kuponea. Mkulima wa Kwimba na mkulima wa Ukerewe hawawezi kupewa namba moja. Kisiwani mvua ni nyingine kabisa.

Msifanyie majaribio hayo ndani ya uzio wa kituo peke yake. Pale kituoni kuna kamba, vibarua na mtu wa kupunguzia miche kwa wakati. Kila Agosti nakwenda Nane Nane pale Nyamhongolo, navitazama vipando: vimenyooka kama mistari ya daftari, vimemwagiliwa, hakuna gugu. Napiga picha kama wenzangu. Kisha narudi nyumbani kwenye plau. Leteni majaribio kwetu, tuyapande na maksai wetu, tuyapalilie kwa shida zetu, halafu mje mpime nyinyi kwa mizani yenu. Maafisa ugani mliwapa pikipiki mwaka 2022. Basi na wapewe na futi ya kupimia na msimu mmoja wa kukaa na sisi.

Kuna jambo la mbegu, na hili linaniuma.

Mbegu tunauziwa au kukopeshwa kwa kilo kwa ekari. Kilo si idadi. Mbegu 100 za soya zinaweza kuwa na uzito wa gramu 12, au 18, kutegemea aina. Ukitaka mimea 90,000 kwenye ekari, ndiyo 45 kwa 10 hiyo, na mbegu inaota 80 kwa kila 100, unahitaji mbegu 112,500. Kwa mbegu ndogo hiyo ni kilo 13 na nusu. Kwa mbegu kubwa ni kilo 20 na ushee. Watu wawili wamepewa mfuko sawa, mmoja shamba limejaa, mwingine lina mapengo, na bwana shamba anasema yule wa mapengo ni mvivu.

Na hapo nimesema inaota 80. Soya ina mafuta mengi, na mbegu yenye mafuta hufa haraka ikikaa kwenye joto. Mbegu iliyolala ghalani chini ya bati mwaka mzima inang'aa, inavutia, imekufa. Msimu wa kwanza muuzaji mmoja alituuzia mbegu ya namna hiyo. Simtaji jina, na hata nikimtaja hamtapata faida. Msimu wa pili nilikuwa nimejanjaruka. Nilihesabu mbegu 100, nikazipanga kwenye gunia lililoloweshwa, nikalikunja, nikaliweka uvunguni, nikawa nanyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya sita nikalikunjua mbele ya wanakikundi. Tulihesabu zilizotoa mzizi mzima: 61. Zingine zilikuwa zimevimba na kunuka. Tuliokuwa pale tuliongeza mbegu kwenye kila shimo. Ambao hawakuwepo walipanda kama walivyoambiwa, wakarudishia wiki mbili baadaye, na mnajua mche wa kurudishia unavyobaki mtumwa wa wenzake.

Naomba, basi, kila mfuko wa mbegu ya soya uandikwe uzito wa mbegu 100 na tarehe ya kipimo cha uotaji, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo mzee jirani yangu atayasoma bila kuusogeza mbali na macho. TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ina wataalamu wa kazi hiyo. Na kipimo cha gunia kifundishwe kila kijiji. Hakina gharama zaidi ya gunia.

Jingine ni ekari yenyewe. Mtaniwia radhi, ila ekari mnayoiandika nyinyi na ekari tunayoilima sisi si moja. Huku ekari ni 70 kwa 70. Sabini nini? Wazee walikuwa wanapima yadi, na yadi 70 kwa 70 kweli ni ekari, inapita kidogo tu. Yadi ikapotea, ikabaki hatua, na sasa vijana wana futi kamba wanapima mita 70 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Imezidi kwa karibu tano moja. Mkulima anapewa mbegu ya ekari moja, anaitandaza kwenye ekari na robo kasoro, halafu tunashangaa mimea ni michache. Afisa mmoja akija na futi siku ya kugawa mbegu, shida hiyo imekwisha.

Nisiseme hamuwezi, kwa sababu kwenye pamba mliweza. Mliitoa pamba kwenye 90 kwa 40 mkaileta kwenye 60 kwa 30, mkaja na kamba zenye alama, viongozi wakashika kamba mbele ya kamera, na idadi ya mashimo kwenye ekari ikawa maradufu. Palikuwa na ubishi mwingi, na mpaka leo upo. Lakini hakuna mkulima wa pamba mkoa huu ambaye hajasikia namba hizo. Soya haijawahi kupata hata mkutano mmoja wa hadhara wa sentimita.

Na sababu za kuipa zipo. Mwaka 2020 tulitangaziwa kwamba China imefungua mlango kwa soya ya Tanzania. Ziwani mnakopesha vizimba vya samaki, na sato wa kizimbani hawezi kuishi kwa maji matupu. Chakula chake kinataka protini, na mashudu ya soya ndiyo protini hiyo. Wafuga kuku wa Ilemela wanalia kila siku na bei ya chakula. Soko liko karibu na mashamba yetu. Ila hamlijazi kwa mashamba ambayo nusu yake inaota jua.

Zana. Hapa sitaki trekta, msinielewe vibaya. Nataka palizi ndogo ya kusukuma kwa mkono, kama ile wanayotumia wenzetu wa mpunga lakini ya nchi kavu, ipite kwenye sentimita 45. Mafundi chuma wa Mwanza mjini wanaweza kuichomelea wakipewa mfano mmoja mzuri. Nataka pia mashine ya kupandia ya kukokotwa na maksai ambayo mistari yake inaweza kusogezwa, kikundi kimoja mashine moja. Kupanda ekari ya 45 kwa 10 kwa mkono ni kuinama kwenye mashimo 90,000. Kaeni kidogo na namba hiyo. Wengi wanaoinama ni wanawake na watoto waliokosa shule siku hiyo. Anayekuambia "wakulima hawafuati maelekezo" hajawahi kuinama mara hata elfu moja.

Kuhusu bakteria wa vinundu wa kuchanganya na mbegu, nitasema kwa kifupi kwa sababu wenzangu wameshaandika: shamba ambalo halijawahi kupandwa soya linawahitaji, na tunawapata msimu umekwisha. Sentimita peke yake haitaponya soya ya njano.

Mvua za vuli zikianza Oktoba nitapanda tena. Nimetenga robo ekari, ekari ya kweli, niliipima kwa futi na mwanangu akaandika. Upande mmoja una luseni, mwingine unateremkia mbuga. Sijaupangia mistari. Kamba ninayo, ina mafundo kila sentimita 10, na maksai wa mzee wameshaahidiwa kwa siku mbili. Kutoka Ukiriguru mpaka hapa ni nauli ya bodaboda. Mtafiti akija, aje na mizani na buti. Chai na viazi vitakuwepo, na mzee amesema anataka kumuuliza maswali yake mwenyewe kuhusu nira.

Wenu mtiifu,
Mkulima wa soya, katibu wa kikundi,
Misungwi